Tangulia Wewe

Sisi watu wa Lucknow tuna ugonjwa mmoja, nao ni adabu. Jirani zetu wa Kanpur hutucheka kwa hilo. Wanasema mtu wa kwetu akikamatwa na mamba mtoni, kwanza humwomba radhi kwa kumsumbua. Na wacheke tu. Mimi nililelewa hivyo, na mdogo wangu Tahsin nikamlea hivyohivyo, maana mama yetu alifariki akaniachia mikononi hata kuvaa viatu hajui. Nyumbani kwetu hukupita mlango mbele ya mwenzako. Ulisimama kando, ukainamisha kichwa kidogo, ukasema, "Tangulia wewe." Naye akajibu, "Hapana, wewe tangulia." Mkabembelezana hapo mpaka chai ikapoa.

Mahali pamoja tu ndipo adabu hiyo ilikatazwa, na mama yetu alitukataza kwa mpini wa ufagio. Ni katika vichochoro vya Jumba la Begum Nigar.

Jumba hilo lilijengwa mwaka wa njaa. Begum huyo, yaani bibi wa ukoo mkubwa, alikuwa na mali; aliona watu wanakufa, akaanzisha ujenzi ili kila mwenye mikono apate mkate. Wakaja hata waungwana waliofilisika, wamejifunga vitambaa usoni hadi machoni, wasije wakajulikana wanabeba chokaa kama vibarua. Ndani ya kuta walijenga vichochoro vyembamba vinavyopinda na kurudi, vingine haviendi popote. Siku ya kuziba tundu la mwisho, muungwana mmoja alisimama ndani akiwapisha wenzake. Tangulia wewe. Tangulia wewe. Wote wakatoka. Mwashi aliyekuwa nje hakujua wangapi waliingia, wala hakuzijua sura zao. Akaziba. Wanasema yule bwana hata kupiga kelele aliona ni utovu wa adabu.

Ndiyo maana tukaambiwa, mle ndani usimpishe mtu, na ukipishwa usijibu. Pita tu, kama ng'ombe. Mle ndani anayepisha ndiye anayebaki.

Tahsin alikuwa akiwasimulia wageni kisa hicho huku anacheka. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza watalii, waliotoka Delhi, Agra na Jaipur na kumalizia safari yao kwetu. Asubuhi aliwatembeza sokoni na kwenye makaburi ya watawala wa zamani, mchana aliwaleta nyumbani kwangu wale chakula cha Kilucknow kilichopikwa na mwanamke wa Kilucknow, na jioni aliwaingiza katika lile jumba. Kazi ilimfaa. Alikuwa na domo.

Siku hiyo ya Januari ukungu ulikuwa mzito hata mnara wa msikiti wa jirani hauonekani. Nilikuwa nakaanga kababu. Tahsin akaingia jikoni mbio, akadokoa moja motoni, akaungua vidole.

"Mwizi wewe!" nikamwambia. "Wageni hawajaketi."

"Naonja kama kuna sumu, afande," akasema, mdomo umejaa. Aliniita afande kila nilipokunja uso; siku nyingine aliniita Apa, yaani dada mkubwa.

Wageni walikula wakashiba. Kulikuwa na mwalimu mstaafu kutoka Pune, Mama Kulkarni, mtu wa maneno na vicheko. Mboga alikula, nyama hakugusa, lakini aliuliza kila kitu. Aliona nimebakiza kipande kidogo cha mkate pembeni ya sahani yangu, akauliza kama nimeshiba au naringa.

"Hicho ni cha shomoro," nikamjibu. Ni tabia yangu tangu utoto. Kipande cha mwisho si changu.

Akapenda hilo, akanishika mkono. "Basi leo unakwenda nasi jumbani, Dada Shaista. Sikubali udhuru."

Nikaenda, lakini sikuingia. Wao walivua viatu mlango wa mbele, kwa Bafati mlinzi wa viatu, kwa kuwa ndani mna ukumbi wa maombolezo. Mimi nikazunguka hadi bustani ya nyuma, ambako vichochoro vinatokea. Mlango wa mwisho ni mwembamba, mtu hupita kwa ubavu. Nikakaa juani, kama lile ni jua, nikamenya chungwa.

Wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakipangusa utando wa buibui na kuchekana. Mama Kulkarni alitoka wa mwisho miongoni mwao.

"Huyu mdogo wako umemlea mno!" akasema. "Amesimama pale kwenye kona anabembelezana na mtu. 'Tangulia wewe.' 'Hapana bwana, wewe tangulia.' Nikasema, naam, sasa nimefika Lucknow!"

Chungwa likanidondoka. "Na mtu gani?"

"Sikumwona, mwanangu, mle giza tupu. Si mmoja wetu?"

Nikatupa macho bustanini. Wageni wote walikuwa nje.

Ndipo Tahsin akatoka. Alikuwa amejifunga shali lake usoni hadi machoni, kwa baridi, nikajiambia. Alitoka polepole, akasimama kando ya mlango, akaupisha upepo.

Jioni ile hakudokoa kitu jikoni. Alikaa mbele ya sahani yake, mikono mapajani, akingoja. Nikala. Nikamaliza. Akawa bado anangoja.

"Kula basi, chakula kinapoa."

"Nangoja wengine watangulie, Apa," akasema kwa upole.

Hapakuwa na wengine. Tulikuwa sisi wawili na paka, na paka amepanda juu ya kabati, manyoya yamemsimama. Na chumba kizima kilinuka chokaa mbichi na sukari guru, harufu ya udongo wa kujengea wa zamani.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Bafati, ameshika viatu.

"Dada, viatu vya bwana mdogo hivi. Nimengoja hadi nimechoka. Mwenyewe hajatoka."

"Ametoka. Yuko ndani."

"Basi katoka pekupeku baridi hii? Mapenzi hayo! Mwambie anialike harusini." Akacheka, akaenda zake.

Nikampelekea viatu. Akajaribu kuvaa kwa heshima kubwa. Kisigino kikabaki nje. Mguu ule ulikuwa mrefu, mwembamba, na chini ya kucha mna weupe.

"Viatu vimepungua, Apa," akasema.

Nikamuuliza, "Mama alikuwa akitupiga kwa kitu gani?"

"Kwa mpini wa ufagio. Wewe ulilia kabla hujapigwa."

Alikumbuka kila kitu. Nikauliza hili, nikauliza lile, akajibu yote. Hapo ndipo nilipokata tamaa kabisa, kwa kuwa nilielewa kwamba kumbukumbu ni kama shali tu, yeyote anaweza kujifunga.

Asubuhi nilikwenda mbio bustani ya nyuma. Ukungu ulikuwa haujainuka. Nikaweka mdomo kwenye ule mlango mwembamba, nikaita jina lake.

Kisha, kutoka mbali ndani ya ukuta:

"Apa."

Nikapiga magoti. "Tahsin! Fuata sauti yangu!"

"Naifuata. Nafika palepale. Kuna mlango, lakini haunipitishi. Apa, nina njaa."

Nani amewahi kusikia mtoto aliyemlea akisema ana njaa, akiwa ndani ya ukuta? Nililia nikagonga mawe yale kwa viganja hadi vikachubuka. Nikamwambia anisubiri. Neno la kijinga. Angekwenda wapi?

Nikarudi nyumbani. Yule mwingine alikuwa amesimama uani, hajaketi. Nikawaza, huyu tangu enzi za njaa kazi yake ni kupisha. Ombi la mwenyeji wake hawezi kulikataa.

"Twende jumbani," nikamwambia. "Nakuomba."

"Kama upendavyo, Apa."

Bafati aliponiona navua viatu akafurahi. "Ehe! Leo dada naye mtalii!" Viatu vya Tahsin nilivificha kifuani, chini ya shali.

Tukaingia. Mimi mbele, nikimvuta kwa upindo wa nguo. Kila kona alisimama. Kila kona akasema, "Tangulia, Apa." Sikujibu. Nikapita kama ng'ombe. Mwanga ukaisha. Ukuta kulia, ukuta kushoto. Baridi ya mawe ilipanda miguuni.

Tukafika kwenye kona ya mwisho. Nje niliona mstari wa mwanga, mwembamba kama uzi. Nikatoa viatu kifuani, nikavirusha kwenye ule mwanga, vimtangulie mwenyewe. Nikasikia vinaanguka majanini.

"Tahsin," nikanong'ona.

"Nipo." Alikuwa karibu sana. Pumzi yake ilinigusa shingo.

"Pita. Toka sasa hivi."

"Siwezi. Hajanipisha mtu."

Nikamgeukia yule mwingine gizani. "Mpishe," nikasema. "Nakusihi. Mpishe mdogo wangu."

"Nakupisha wewe, Apa," akajibu. "Wewe ndiye mkubwa. Wakubwa hutangulia."

Nikamtukana. Mimi, Shaista, ambaye hata muuza maziwa namwita bwana, nilimtukana kwa matusi ya sokoni. Nikamsukuma. Ilikuwa kama kusukuma nguzo. Nikambembeleza. Nikalia. Naye kila mara, kwa upole uleule:

"Tangulia, Apa."

Na Tahsin nyuma yangu, kwa sauti ndogo, "Apa, nenda tu. Niache. Nenda."

Nimwache? Nilimbeba mgongoni huyu siku tuliyomzika mama.

Nikajibana ukutani. Nikainamisha kichwa kidogo. Nikasema:

"Tahsin. Tangulia wewe."

Akapita. Mwili wa moto, harufu ya iliki na mafuta ya nywele ya bei rahisi. Nikasikia miguu yake ikikimbia, kisha kilio chake huko nje, kikubwa kama cha mtoto.

Nami nikatoka. Nakumbuka nilitoka. Nyuma yangu sauti ilisema, "Tangulia," sikujibu, nikafuata ule uzi wa mwanga. Tahsin alikuwa amekaa majanini, amevaa viatu vyake, vimemkaa sawasawa. Yule mwingine hakutoka. Nikamkumbatia Tahsin. Tukacheka, tukalia, tukaenda nyumbani, mimi pekupeku, sijali.

Jikoni alivamia kababu za jana, zimepoa hivyohivyo. "Zina chumvi, afande," akasema, mdomo umejaa. Nikajua ndiye.

"Wewe huli?" akaniuliza.

"Nitakula. Tangulia."

Akaacha kutafuna.

Kesho yake Bafati akaja. Ameshika viatu vyangu, na safari hii hakuleta mzaha.

"Dada," akasema, akinitazama miguuni. "Niliviacha pale hadi nafunga. Nilidhani bado uko ndani."

Nikavivaa mbele yake na Tahsin. Ni viatu vyangu, nimevivaa msimu mzima, kidole gumba kimeacha alama yake. Kisigino kikabaki nje.

Tahsin alinivua viatu, akavikumbatia kifuani, akaegemea ukuta hadi akakaa chini.

Nilimwambia mimi ndiye Shaista. Nikamwambia mpini wa ufagio. Nikamwambia siku tuliyomzika mama, jinsi alivyonilowesha bega kwa machozi, na wimbo niliomwimbia njiani. Nakumbuka yote. Nayasema tena hapa ili yeyote anayesoma aseme kama mtu asiye mimi angeweza kuyajua. Nilimwambia hadi sauti ikanikauka, naye akaziba masikio.

Sasa hatembezi wageni tena. Vichochoro vimefungwa kwa kufuli. Kila siku huchukua sahani ya chakula cha moto na mikate miwili, akaenda bustani ya nyuma, akaipitisha kwenye mwanya chini ya mlango. Huita, huongea, hulia, kisha husubiri. Anachojibiwa haniambii. Akirudi, mimi nimesimama kando ya mlango wa jikoni, nampisha, naye hupita ameinamisha macho. Unga ninaoukanda unatoka na weupe usio wa unga. Sahani yangu imejaa tangu siku ile. Nangoja wengine watangulie.

Jana alirudi, akaweka sahani mezani mbele yangu, akatoka. Nimeitazama hadi leo. Imelambwa safi, haina hata mafuta. Na pembeni yake pamebakizwa kipande kidogo cha mkate, cha shomoro.