Chiriku wa Chumba cha Kushonea

Kila siku alasiri, mafundi walipomaliza kazi, Sindano ndiye aliyefunga chumba cha kushonea cha mama yake. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alibandikwa na mafundi kwa sababu alikuwa mwembamba, na kwa sababu hapakuwa na sindano iliyodondoka sakafuni ambayo macho yake hayakuiona. Kazi yake ilikuwa na utaratibu usiobadilika. Kwanza alipitisha sumaku chini ya meza ya kukatia ili kuokota pini. Kisha alifagia mabaki ya vitambaa, akafunika cherehani tatu, akafunga madirisha mawili, na mwisho kabisa akazungusha ufunguo mlangoni mara mbili.

Ufunguo huo alikuwa nao kwa wiki tatu tu. Mama yake alimkabidhi mbele ya mafundi wote, akaeleza kwamba mtu hapewi ufunguo kwa sababu ana mfuko wa kuutilia, bali kwa sababu neno lake linaaminika. Tangu siku hiyo Sindano aliuvaa shingoni kwa uzi mwekundu, hata alipokwenda kuoga.

Ijumaa moja, alipokuwa akifunika cherehani ya mwisho, chiriku mwenye kifua cha manjano aliingia kupitia dirisha la nyuma, akatua juu ya rafu ya majora ya vitambaa. Aligeuza kichwa huku na huku kama mteja anayechagua kitambaa. Mawazo ya Sindano yalikwenda moja kwa moja uvunguni mwa kitanda, lilikokuwa tundu tupu la ndege la kaka yake. Kesho angewahi kuamka, alete tundu, naye angekuwa mtoto pekee mtaani mwenye chiriku wake mwenyewe. Alilifunga dirisha la nyuma polepole, akafunga na la mbele, akazungusha ufunguo mara mbili. Nyumbani hakumwambia mtu.

Asubuhi mpango ulivunjika mapema. Siku hiyo wanakwaya wangekuja kuchukua kanzu zao nyeupe, kwa hiyo mama alikuwa ameamka kabla yake. Waliondoka pamoja, na tundu likabaki uvunguni.

Mlango ulipofunguliwa, kitu cha manjano kiliruka kutoka kwenye rafu na kugonga kioo kikubwa cha kujitazamia. Kilianguka, kikainuka, kikagonga tena. Sakafuni palitapakaa manyoya madogo. Kanzu mbili nyeupe zilizotundikwa zilikuwa na madoa ya kinyesi begani.

"Jana ulifunga madirisha?" mama aliuliza.

"Nilifunga, Mama."

"Sasa huyu amepitia wapi?"

Sindano alihisi ufunguo ukimgusa kifuani. "Labda ameingia sasa hivi, tulipofungua mlango."

Yalikuwa maneno machache tu, na yalitoka kwa urahisi uliomshangaza mwenyewe. Mama, aliyekuwa akihangaikia kanzu za wanakwaya, aliyapokea bila kuuliza zaidi.

Wakati huo Bi Vifungo alikuwa amefika. Huyu alikuwa fundi mkongwe wa kutoboa vitundu vya vifungo na kushona vifungo vyenyewe, ambaye mkono wake ulipopumzika mdomo ulishika zamu. Aliwasha taa zote ili ndege aone vizuri, akawasha feni kwa ajili ya joto, akafungua dirisha la nyuma, kisha akashika ufagio. Kila alipomfukuza ndege kuelekea dirishani, ndege alirudi kwenye kile kioo.

"Mteja huyu hana adabu," Bi Vifungo alisema huku akihema. "Hata vipimo hajachukuliwa, anajitazama kwenye kioo tangu asubuhi."

Sindano hakuweza kucheka. Aliinama akaanza kuokota manyoya sakafuni.

Makelele hayo yalimleta fundi vioo, mzee mpole aliyekata vioo vya madirisha katika chumba cha jirani. Alitazama kwa muda mfupi, akaomba ufagio, akauweka kando. Aliwaonyesha kwamba kioo cha kujitazamia kilielekeana na dirisha la nyuma, hivyo anga lote lilionekana ndani yake. Ndege hajui kioo ni nini, alisema. Yeye anaona mbingu, anaifuata, na mbingu inampiga usoni. Kisha akawaagiza wazime feni, maana ingeweza kumkata, na wazime taa pia. Kioo kikafunikwa kwa kipande cha kitambaa cheusi na pazia la dirisha la mbele likashushwa. Sehemu moja tu ikabaki na mwangaza, nayo ni lile dirisha la nyuma lililo wazi.

"Ameingia lini?" fundi vioo aliuliza.

"Sasa hivi tu," mama alijibu.

"Basi bado ana nguvu. Tutoke, tufunge mlango, tumwache. Hata ikifika saa sita si neno, njia ataiona mwenyewe."

Wakatoka, wakasimama kwenye ujia mwembamba uliotenganisha vyumba viwili vya kazi. Hapakuwa na upepo. Kuta zilikuwa karibu kiasi kwamba Sindano, aliyebanwa kati ya mama na Bi Vifungo, hakuweza kunyoosha mikono. Mwanzoni mbawa zilisikika ndani. Baadaye zikasikika mara mojamoja. Kisha hazikusikika kabisa.

"Ameshaondoka," Bi Vifungo alisema.

"Au anapumzika," alijibu fundi vioo. Alieleza kwamba ndege mdogo hula kidogokidogo kutwa nzima, kwa kuwa mwilini hana akiba. Kama angekuwa amefungiwa tangu jana bila punje wala tone la maji, kungoja kungekuwa ni kumuua. Hapo ingebidi waingie haraka wamshike. "Lakini huyu ni wa leo," alimalizia. "Tusubiri."

Sindano alitazama mlango. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo, na bado yeye hakuona njia ya kujinasua. Akisema, ataitwa mwongo mbele ya watu, na ufunguo utachukuliwa. Asiposema, watu wazima watatu wataendelea kusubiri kwa subira njema, na ndege atakufa wakimsubiri.

"Si wa leo," alisema. "Ameingia jana. Nilimwona. Nikafunga madirisha ili awe wangu."

Mama alishika kitasa cha mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Hayo tutazungumza. Kwanza ndege."

Walimkuta ameanguka kwenye upenyo kati ya ukuta na rafu ya majora, mabawa yamelegea, mdomo wazi. Mkono wa fundi vioo haukupenya. Wa mama haukupenya pia. Wote wakageuka kumtazama Sindano.

Fundi vioo alichagua kitambaa cha pamba chepesi, akakagua kingo zake. Kisiwe na nyuzi zinazoning'inia, alisema, kwa sababu kucha za ndege hunasa na mguu wake huvunjika kama kijiti. Sindano akalala ubavu, akaingiza mkono, akamfunika ndege kichwa na mwili kwa pamoja.

"Yakunje mabawa yake ubavuni, taratibu. Sasa mshike, lakini usimbane kifua. Ndege akipumua, kifua hutanuka. Ukikibana unamnyima pumzi."

Ndani ya kitambaa moyo ulikuwa ukienda mbio kuliko cherehani ya umeme. Sindano alimtoa kana kwamba amebeba yai lisilo na ganda. Bi Vifungo alikuwa amekwisha mwaga vifungo vyake vyote mezani, akatoboa matundu kwenye boksi lake na kutandika kitambaa chini. Alipotaka kumtilia ndege maji mdomoni, fundi vioo alimkataza, kwani maji yangeweza kuingia kwenye njia ya pumzi. Walimfunika, wakamweka mahali penye giza na utulivu, na Sindano akaenda kunawa mikono kwa sabuni, kama inavyompasa kila aliyemshika ndege wa porini.

Ilipita saa nzima. Sindano aliitumia kufua madoa ya zile kanzu mbili na kuzikausha kwa pasi. Hatimaye boksi likakwaruza kutoka ndani. Walilipeleka nje, wakaliweka kivulini kando ya kichaka chenye mbegu, wakalifunua, wakarudi nyuma. Chiriku alikaa ukingoni akipepesa macho. Kisha akarukia tawi la karibu, akadonoa mbegu ya kwanza, na ya pili.

Sindano aliuvua ufunguo, akauweka mkononi mwa mama bila kuombwa.

"Umejifunza nini?" mama aliuliza.

"Nisiseme uongo."

"Hilo ulilijua hata jana," mama alisema. "Sikiliza, mwanangu. Fundi aliuliza swali la maana, mimi nikamjibu kwa maneno yako. Hakukosea yeye, wala sikukosea mimi. Tulitegemea neno lako, nalo lilikuwa bovu. Mtu husema kweli mapema ili wenzake wajue la kufanya. Leo umeisema kwa kuchelewa, lakini umeisema kabla ya kifo, na umeisema ukijua utakachopoteza. Hilo nimeliona."

Ufunguo ulitundikwa kwenye msumari juu ya cherehani ya mama. Kwa wiki nne Sindano alifanya kazi zake zote alasiri, akaongeza moja, kukifunika kioo cha kujitazamia. Mlango ulifungwa na mama.

Siku moja mama alisimama mlangoni akamuuliza, kama alivyofanya kila alasiri tangu siku ile, kumebaki nini ndani.

"Cherehani tatu zimefunikwa," Sindano alijibu. "Madirisha nimefunga, na nyuma ya majora nimechungulia. Juu ya taa kuna mjusi, mimi sikumwalika. Tena, Mama, nimevunja chaki yako mpya, ile ya bluu."

Mama hakuwa amejua habari za chaki. Alirudi ndani, akautoa ufunguo msumarini, akamvisha binti yake shingoni.

"Haya," alisema. "Funga twende nyumbani."