Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Kila jioni pikapu ya baba yake ilipopanda kilima cha Mbebe, Jenista aliacha alichokuwa akifanya na kukimbilia uani. Kazi yake ilikuwa moja: kuchukua jiwe lililokaa kando ya ukuta na kulisukuma nyuma ya gurudumu, maana ua wao ni mteremko mtupu. Akimaliza, alikwenda kumkatia Chokaa majani.

Chokaa alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Mama yake alikufa siku aliyomzaa, na Jenista ndiye aliyemnywesha maziwa kwa chupa mpaka akakua, naye akapata ndama. Alimfuata Jenista hata mtoni, na wenzake wakamtania kwamba ana mdogo wake mwenye pembe.

Zamani jiwe hilo halikuwa na kazi. Pikapu ilikuwa na breki za dramu nyuma, zile zilizofunikwa kama sufuria, na kila mvua zilipoanza ziliingia tope zikawa hazishiki. Gwamaka, baba yake Jenista, akaamua kufunga za diski kama za magari mapya. Abdul, fundi wake wa Tunduma, alimwambia wazi kwamba wazo si baya, ila diski alizonunua hazikuwa na mahali pa kufunga hendibreki, ile breki ya mkono inayolizuia gari likiegeshwa, na hendibreki ya gari lile kuukuu ilikuwa humo humo ndani ya dramu. Alimsihi asubiri kidogo zitafutwe nyingine. Gwamaka alikuwa na viazi vya watu vya kusafirisha vinamngoja, akasema jiwe litatosha. Dramu zikageuka vyombo vya kunyweshea kuku.

Na kweli, gari lilishuka milima likiwa limetulia. Ila Leah, mama yake Jenista, hakuacha kunung'unika kwamba hajawahi kuona gari linaloshikiliwa na mtoto.

Jumamosi moja pikapu ilifika imejaa mifuko ya mbolea. Jenista alikuwa akicheza rede na wenzake, na zamu yake ndiyo kwanza ilikuwa imefika. Baba yake alizima gari, akaliacha kwenye gia, akashuka.

"Jenista, umeweka jiwe?"

"Nimeshaweka, baba," alijibu bila kugeuka. Moyoni alijiambia ataliweka zamu ikiisha.

Gia ile kwa uzee wake ilichomoka. Gari likaserereka kimyakimya, na walichosikia ni uzio wa mianzi ukivunjika. Chokaa alikuwa upande wa chini wa ua, pale pale Jenista alipomfunga asubuhi. Alijaribu kukimbia, lakini kamba ilikuwa fupi.

Alikufa kichwa chake kikiwa mapajani mwa Jenista. Msichana alilia mpaka sauti ikakauka. Zizini ndama naye alikuwa akiita, na kila alipoita Jenista aliona moyo unampasuka upya.

Majirani walikuja kuwapa pole. Gwamaka akawaeleza kwamba jiwe liliteleza kwa sababu ya tope. Jenista angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Akasimama mbele yao wote.

"Baba, jiwe halikuteleza. Sikuliweka."

Gwamaka akaenda kumwaga maji ya kuku yaliyokuwa kwenye dramu. Kesho yake kutwa nzima alishinda akiosha zile dramu, na Jumatatu akazipeleka Tunduma. Abdul akabadilisha vilivyochakaa ndani yake, akazirudisha mahali pake pamoja na hendibreki.

Jioni gari liliporudi, Jenista alikwenda kuchukua jiwe kwa mazoea. Baba yake akamwambia aliache, akamketisha kando yake.

"Mwanangu, ulisema umefanya jambo ambalo hukulifanya, nami nikakuamini. Ukiulizwa tena, hata kama ni jambo dogo, sema lilivyo. Lakini kosa si lako peke yako. Fundi aliniambia ukweli, nikashindwa kusubiri, nikakutwisha mzigo ambao haukuwa wako. Nisamehe."

Jenista aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka. Kisha akachukua chupa, ile ile ya zamani, akaenda zizini. Ndama alinyonya mpaka chupa ikaisha. Halafu akainua kichwa chenye baka jeupe, akachungulia nyuma ya Jenista, akawa anatazama mlangoni.