Bandeji ya Bibi Pacing

Kila siku masomo yakiisha, tulitoa mianzi miwili nyuma ya jiko la shule na kuilaza uwanjani. Wanafunzi wawili walichuchumaa kwenye ncha zake, wakaigonga chini mara mbili, kisha wakaigonganisha: ta, ta, kwa! Sisi wachezaji tuliruka katikati pekupeku, tukichomoa miguu kabla mianzi haijafumba. Hiyo ndiyo tinikling, ngoma ya kisiwa chetu cha Leyte. Ukichelewa, mwanzi haukuonei huruma.

Mimi, Divina, nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilichaguliwa kucheza mbele pamoja na Rodel siku ya sikukuu ya kijiji, Jumamosi. Bibi Pacing, aliyenilea, alicheza nafasi hiyohiyo alipokuwa msichana. Alikwisha kunishonea sketi nyekundu, akaitundika mlangoni ili kila mpita njia aione.

Jumatano nilitua vibaya. Kifundo cha mguu wa kulia kilipinda, na machozi yakanitoka.

"Vipi?" Rodel aliuliza.

"Kokoto tu."

"Kokoto gani linakuliza hivyo?"

"Wewe cheza, achana na miguu yangu!"

Charito, mchezaji wa akiba, alikuwa amekaa kando akitutazama. Nilijua nikichechemea tu, nafasi yangu ni yake. Charito hakuwa na ubaya wowote, lakini siku ile nilimchukia kwa sababu alikuwa na miguu miwili mizima.

Kwetu, miguu iliyotoka kwenye kazi au ngoma haiguswi na maji baridi. Wazee husema ukilowesha misuli ingali na joto utapata pasma, mishipa itavimba na uzeeni mikono itatetemeka. Basi jioni ile sikunawa miguu, na hakuna aliyeshangaa wala kuona uvimbe. Nilichukua kimyakimya bandeji ya kuvutika ambayo Bibi hujifunga gotini anapokwenda kupanda mpunga. Nilianza kuifunga kwenye shavu la mguu nikashuka chini, kisha nikavaa soksi juu yake.

Asubuhi Bibi alipekua nyumba nzima.

"Divina, hujaiona bandeji yangu?"

"Sijaiona, Bibi."

"Uzee huu! Labda nimeiweka kwenye chungu cha wali." Akacheka, akaenda shambani akivuta mguu. Nilimtazama mpaka akapotea. Kisha nikaikaza bandeji zaidi, nikaivuta hadi mwisho wake, ili hata baridi isipate pa kupenya.

Saa sita mchana maumivu yalikwisha. Nilifurahi kwelikweli. Nilidhani mguu umepona, kumbe umekufa ganzi.

Jioni nilimdanganya Mwalimu Obrero, aliyetufundisha ngoma, kwamba nina malengelenge, akaniruhusu kucheza na soksi. Ta, ta, kwa! Niliutuma mguu utoke. Haukutoka. Mianzi ilifumba juu yake, nikaanguka kifudifudi. Nilijaribu kusimama, lakini mguu haukujua ardhi iko wapi. Nilikaa pale vumbini nikiutazama kama mguu wa mtu mwingine.

Rodel alinivua soksi. "Mwalimu! Njoo uone vidole vyake! Vimekuwa rangi ya zambarau!"

Walinibeba hadi zahanati iliyo jirani na shule. Muuguzi, Mama Nenita, alianza kuifungua ile bandeji.

"Nani kakufunga hivi?"

"Mimi."

"Ulikuwa unafunga mguu au mbuzi?"

Damu iliporudi vidoleni, nilihisi siafu elfu wananitafuna. Nililia kwa sauti. Bibi aliingia wakati huo, matope ya shamba yangali miguuni. Aliitazama bandeji yake mezani, akanitazama mimi, akakaa. Afadhali angenigombeza.

Mama Nenita alileta barafu iliyofungwa kwenye taulo. Hapo Bibi akaruka.

"Weka chini hiyo barafu! Mtoto katoka kwenye ngoma, unataka apate pasma?"

"Bibi, goti lako lilipovimba mwaka jana, nilikutibu kwa kitu gani?"

Bibi alikohoa. "Kwa barafu. Lakini mimi nilipumzika kwanza!"

"Haya, na yeye apumzike dakika tano."

Bibi alizihesabu kwa sauti, zote tano, ndipo akaruhusu.

Mama Nenita alinibonyeza mifupa, akanitembeza hatua nne. "Mfupa ni mzima, kifundo kimeteguka tu. Sasa tazama. Bandeji inaanzia karibu na vidole, inapanda juu. Kila mzunguko ufunike nusu ya ule wa chini. Ikumbatie mguu, isiunyonge. Vidole vikipoa, vikigeuka rangi au vikifa ganzi, ifungue mara moja. Ukilala, ivue."

"Jumamosi nitacheza?"

"Hapana, mwanangu."

"Na kama ningekuja jana?"

"Hata jana ningekwambia hapana. Ila usingekaribia kuupoteza mguu."

Niliomba, nililia, nikaahidi kuruka kwa mguu mmoja. Haikusaidia kitu.

Jumamosi nilikalishwa kwenye kigoda, nikapewa ncha za mianzi. Charito alikuja mbele yangu amevaa sketi nyekundu. Bibi mwenyewe ndiye aliyempa.

"Divina," alinong'ona, "usinigonge."

"Angalia miguu yako. Mianzi niachie mimi."

Sikukosea hata pigo moja. Watu walimshangilia Charito, na mimi nililia tena, safari hii bila kujificha.

Bibi alikuja akachuchumaa kando yangu. "Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Maumivu yalikuja kukwambia ukweli, ukayafunga mdomo. Ukanifunga na mimi macho kwa uongo. Ungesema Jumatano, ungekosa ngoma tu."

"Nisamehe, Bibi."

"Goti ndilo la kuombwa msamaha. Limeteseka shambani siku nzima."

Jumatatu asubuhi, kabla hajaenda shambani, nilimfunga lile goti mwenyewe, kutoka chini kwenda juu. Nilipomaliza nilipitisha kidole chini ya bandeji, kikapita.

"Inabana, Bibi? Niambie kweli."

"Kidogo," alisema.

Nikaifungua, nikaanza upya.