Vipimo vya Miti Kumi

Sisimizi hakuwa na viatu vya mvua, hakuwa na koti la baridi, hakuwa na begi la mgongoni, wala hakuwa na mjomba ofisini wa kumsemea. Hata meza ya kusomea hakuwa nayo. Aliandikia pembeni mwa meza ya cherehani ya mama yake, akiinua mkono kila kitambaa kilipopita. Jina hilo la Sisimizi walimpa wenzake kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na hakutulia.

Kwa hiyo tangazo lilipobandikwa shuleni, alilisoma mara tatu. Idara ya misitu ilitaka vijana kumi na wawili wakae msituni likizo nzima, wajifunze kutunza mazingira na kuongoza wenzao. Chakula, mahema, viatu, vyote bure. Kila mwombaji alitakiwa achague miti kumi karibu na kwao, aipime unene wa shina, na kuandika habari zake kwenye daftari kwa wiki tatu.

Kila asubuhi kabla ya kengele, Sisimizi alishuka kijitoni na futi ya zamani ya mama yake, ile ya kupimia nguo. Alipima mashina, kisha akaandika ndege, wadudu na magome yaliyochubuliwa. Rafiki yake, aliyeitwa Bibie kwa kupenda kusema kama mtu mzima, alimngoja juu barabarani.

"Mwenzangu, umande huo utaniharibia soksi," alisema. "Wewe pima, mimi nakushikia vitabu."

Siku mbili kabla ya mwisho, Bibie aliliazima daftari. "Nataka kuona tu unavyopanga. Kesho unalo."

Kesho yake alilirudisha kweli. Lakini wiki iliyofuata mwalimu wa sayansi aliwaita wote wawili ofisini. Mezani yalikuwapo madaftari mawili, na kando alikaa Bwana Misitu, msimamizi wa mpango ule. Miti ilikuwa ileile, namba zilezile.

"Nani kamnakili mwenzake?" mwalimu aliuliza.

Sisimizi alimtazama rafiki yake, akimngoja aseme. Bibie akasema.

"Sipendi kumchongea mtu, mwalimu, ila yeye ndiye aliyeazima daftari langu. Nilimwonea huruma."

Masikio ya Sisimizi yalivuma. Walikuwa wamekaa dawati moja tangu darasa la kwanza.

Bwana Misitu hakubishana. "Twendeni kwenye hiyo miti."

Kijitoni alimgeukia Bibie. "Ulipimia nini?"

"Futi yangu hii, mpya kabisa."

Bibie akapima mti wa kwanza: sentimita sitini na mbili. Daftari lilisema sitini na sita. Wa pili, ishirini na tisa. Daftari, thelathini na tatu. Wa tatu nao, daftari lilizidi kwa nne.

"Labda imekonda," Bibie alisema, sauti imepungua.

"Mti haukondi kwa wiki moja, binti."

Sisimizi alipopima kwa futi ya mama yake, zilitoka namba za daftari. Bwana Misitu aliichukua, akaitazama ncha. Ilikuwa imekatika, ikawa inaanzia kwenye namba nne. Mama, kwa mazoea ya miaka, alitoa nne kichwani kila alipompima mteja, na hakuna aliyemwambia Sisimizi.

"Mwenye daftari nimemjua," alisema Bwana Misitu, akimgeukia Sisimizi. "Lakini, binti, vipimo vyako vyote si sahihi. Pima upya, uiandikie kamati ya uteuzi barua ya kueleza kosa kabla ya Ijumaa. Ukifanya hivyo, nafasi yako nitaitetea."

Sisimizi alipima upya mchana uleule. Jioni Bibie aliingia chumba cha cherehani.

"Andika kwamba tulipima pamoja, twende sote. Baba akijua nimeondolewa, nimekwisha. Wewe si rafiki yangu?"

"Hata pale ofisini nilikuwa rafiki yako," Sisimizi alijibu. "Ukanitazama usoni, ukasema uliyosema."

"Niliogopa."

"Na mimi je?"

Wote wawili walilia, lakini Sisimizi hakukubali. Bibie aliondoka bila kuaga.

Mama alisimamisha cherehani. "Kosa la futi ni letu mimi na wewe, mwanangu, liandike lilivyo. La mwenzako mwachie aliseme mwenyewe. Usimwongezee, na usimfunike. Unataka kuongoza watu? Basi waweze kuamini unachowaambia, hata pale ukweli unapokuumbua wewe. Najua unaumia. Andika hivyohivyo."

Sisimizi aliandika namba kumi za zamani, kumi mpya, na maelezo mafupi ya ncha iliyokatika. Jina la Bibie hakulitaja. Asubuhi, mbele ya dirisha la posta, alilamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, akaitumbukiza sandukuni.