Ujumbe Uliozuiwa Kibaha

Jumatatu ile maji yalikutwa chini ya kiti cha Hamidu. Hayakuwa mengi, kiasi cha kikombe tu, lakini yalikuwa na tope na yalinuka bwawa. Ofisi ya kampuni ya visima pale Kibaha ilikuwa na bomba moja, nalo lilikuwa uani, na mvua haikuwa imenyesha wiki ya tatu. Zuwena, karani wa ofisi, aliyafuta kwa tambara, akasonya, akarudi kwenye kompyuta yake. Kesho yake saa saba mchana akayakuta tena, palepale, na safari hii yalikuwa ya vuguvugu.

"Zuwena, umemwaga nini hapo?" aliuliza bosi Anselmi akiwa mlangoni.

"Sijamwaga kitu, bosi."

"Basi ofisi imejikojolea." Akacheka peke yake. Anselmi alikuwa mtu wa kaskazini, mchapakazi, mpenzi wa vichekesho vyake mwenyewe, na hakuamini kitu asichoweza kukipima kwa futi.

Zuwena hakucheka, maana kiti kile kilikuwa cha mumewe. Hamidu ndiye fundi mkuu wa mtambo wa kuchimba, na tangu arudi Alhamisi kutoka Mzenga, kule Kisarawe, hakuwa mtu yule aliyeondoka. Alikunywa maji ndoo nzima kwa mkupuo. Jua la Kibaha lilimpiga asitoe jasho. Na alikataa katakata kuzungumzia kilichompata mwenzake Augustino, ambaye mtambo ulimkamata shati, ukamvuta, ukamzungusha mpaka mkono ukang'oka begani na kubaki ukizunguka na bomba la kuchimbia peke yake. Augustino alikata roho kabla gari halijafika Mlandizi. Watu waliiita ajali, wakazika, wakatawanyika.

Jumatano, adhuhuri ndiyo kwanza imeadhiniwa, Hamidu aliingia ofisini bila salamu, akaketi kitini kwake. Zuwena akaona maji yakichuruzika kutoka kwenye pindo za suruali ya mumewe, kavu kabisa kuanzia magotini kwenda juu.

"Baba Yahya," alinong'ona, "umeloa wapi?"

Anselmi akatoka chumbani kwake na karatasi mkononi, akaanza, "Fundi, ile ripoti ya Mzenga..." na hakuimaliza. Hamidu alimrukia kifuani, akamdaka shingo, akampigiza kichwa ukutani mara moja, mara mbili, mara ya tatu plasta ikabanduka, kisha akamng'ata sikio, akavuta kwa meno kama mtu anayemenya muwa, sikio likakatika, akalitema mezani juu ya kibodi ya Zuwena. Damu ikaruka mpaka kwenye kalenda.

"Nilituma ujumbe mara tatu," alisema Hamidu, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa nzito, yenye mwangwi, mithili ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. "Mara tatu! Ukafika humu, ukazuiwa. Mkanitobolea paa la nyumba. Nani aliuzuia?"

Hamidu akaanguka chini kama gunia, akalala usingizi wa kukoroma, mdomo umejaa damu ya bosi wake.

Anselmi alipelekwa hospitali akishikilia kitambaa shavuni. Hamidu akafungwa kamba stoo, mlango ukatiwa kufuli. Zuwena akampigia simu Ashura, mtendaji wa kile kijiji cha Mzenga walikochimba.

"Dada Zuwena, leo ndiyo mnanitafuta?" Ashura alikuwa mkali. "Niliwaandikia mara tatu! Bosi wenu mwenyewe alisema mambo ya kampuni yote kwa imeili, hataki simu. Nikaandika. Kimya. Nikadhani mmetudharau."

Zuwena alijua ujumbe ulikokwenda kabla hata ya kuutafuta.

Wewe unayetumia imeili hapa nchini unawajua wale waganga. Mganga wa mvuto wa mapenzi, mganga wa pete ya bahati, mganga wa kumrudisha mume kwa saa mbili na kumtuliza kwa dakika tano. Walikuwa wamelijaza sanduku la kampuni mpaka barua za wateja hazionekani. Miezi minne nyuma Anselmi alichoka, akamwambia Zuwena awazuie. Zuwena akaketi, akaandika amri kwenye kompyuta: barua yoyote yenye neno mganga, jini, mizimu au tambiko iende moja kwa moja kwenye barua taka. Ofisi ikapumua. Lakini Anselmi alikuwa ameongeza neno moja, na haki yake apewe. "Kila Ijumaa upekue hizo taka. Chujio halina akili, linaweza kuzuia na mtu wa maana." Zuwena aliitikia ndiyo bosi. Ijumaa ya kwanza alipekua. Ya pili akasema nitapekua Jumatatu. Baada ya hapo hakukumbuka tena, na barua taka hizo hujifuta zenyewe zikitimiza siku thelathini.

Alizifungua sasa. Kati ya waganga elfu na ushei, barua za Ashura zilikuwa zimekaa kwa adabu zote, ya kwanza imebakiza siku mbili ifutike.

*Chemchemi mnayotaka kuchimba ina mwenyewe. Ni jini, na Mzee Kibwana ndiye msemaji wake kwetu. Anasema fundi aje kwanza apige hodi kwa siku tatu, tufanye tambiko, mwenyewe ahamishe watoto wake. Wazee wetu walichota hapo kwa utaratibu huo.*

Ya pili ilikuwa hiyohiyo, kwa maneno ya kusihi. Ya tatu iliandikwa siku moja baada ya mtambo kuondoka.

*Mmechimba. Bomba limepita katikati ya watoto wake. Mzee anasema mleteni fundi kabla ya adhuhuri ya siku ya saba. Ikipita hiyo, hamtakuwa na mtu wa kumleta.*

Siku ya saba ilikuwa kesho.

Zuwena alilia, akajipiga kifua, akajiita mjinga. Kisha akafanya jambo ambalo baadaye hakuweza kulieleza hata kwa nafsi yake. Kabla ya kumwonyesha mtu yeyote barua zile, aliifuta ile amri aliyoiandika, ili asijulikane aliyeiweka.

Alhamisi asubuhi gari la kampuni lilikata kushoto Mlandizi kuelekea Mzenga. Hamidu alilazwa nyuma, amefungwa kamba za mtambo mikono na miguu, na njia nzima alicheka chini chini. Ashura aliwapokea barabarani, na ubavuni mwake alisimama Mzee Kibwana, mtu mfupi mwenye kanzu iliyofubaa na viatu vya mpira.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Jua halitungoji, twende." Walipokuwa wakiteremka bondeni akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Atakuuliza. Huyu tumeishi naye miaka, ana hasira lakini si mwonevu. Ukimwambia kweli, na mimi nipo, nitakuombea, tutapatana naye fidia. Ukimdanganya, mimi dawa yake sina."

Chemchemi ilikuwa imekauka. Bomba la chuma lilisimama katikati ya tope lililopasuka, na kutoka ndani yake kilisikika kilio chembamba, cha kitu kichanga, kikipanda na kushuka. Dereva alikisikia, akaiachia kamba aliyoishika, akakimbia na hakugeuka. Mzee Kibwana akatia ubani kwenye chetezo, akachinja kuku mweusi, akaanza kusoma na kuita, na moshi haukupanda juu bali ulitambaa chini kumfuata Hamidu, na Hamidu akaanza kuvimba shingo, na kamba zile ambazo huinua bomba la kilo mia tano zikakatika moja baada ya moja kwa mlio wa risasi, akainuka, akamrusha Ashura kwenye bomba mbavu zikalia, akampiga mzee kofi lililomng'oa meno mawili ya mbele, na mzee hakunyamaza, aliendelea kusoma huku damu inambubujika kidevuni, mpaka jini akasimama mbele ya Zuwena, pua kwa pua, na pumzi yake ikanuka tope na samaki aliyeoza.

"Nani aliuzuia ujumbe wangu?"

"Sema kweli, mwanangu!" Mzee Kibwana alifoka, mdomo umejaa damu.

Akilini Zuwena alimuona Yahya, mwanawe wa miaka mitano, akirudi kutoka chekechea asimkute mama. Woga ulimjaa mpaka ukafurika. Akasema, "Ni bosi. Anselmi ndiye aliyezuia."

Kilio ndani ya bomba kikakatika. Hamidu akaanguka kifudifudi, akatapika tope, akatapika tena, kisha akainua uso ambao kwa siku saba Zuwena hakuwa ameuona. "Mama Yahya," alisema kwa unyonge, "hapa ni wapi?"

Zuwena akamkumbatia akilia kwa furaha. Mzee Kibwana hakufurahi. Aliokota meno yake kwenye tope, akamtazama mwanamke yule.

Simu ililia kabla hawajapanda gari. Ilikuwa ya Eugenia, mama wa usafi wa ofisini, na alikuwa anapiga kelele. Bosi alikuwa amerudi kazini na bendeji yake kichwani. Saa saba kamili kitu kisichoonekana kilimbeba, kikampigiza ukuta huu na ule mpaka uso ukakosa umbo, kisha akaanza kutokwa na maji puani na mdomoni, akafa maji juu ya sakafu kavu, na mpaka pumzi ya mwisho alikuwa anasema, si mimi, si mimi.

Maiti ilisafirishwa kwao Ijumaa. Zuwena alichangia, akalia kuliko ndugu.

Jumapili mchana alikuwa nyumbani akichambua mchele. Hamidu alikuwa amepona kabisa. Alikuwa anakula, anatoka jasho, anacheza na mtoto. Akaja mezani, akaketi mbele yake, akaweka nyundo ya kazi juu ya kitambaa cha meza, taratibu, asije akakichafua.

"Zuwena."

Tangu mtoto azaliwe, Hamidu hakuwahi kumwita kwa jina. Ungo ukamtoka mikononi.

"Bosi wako alikuwa mtu mkweli," alisema, kwa sauti ya Hamidu mwenyewe, ile ya kila siku. "Nilimvunja taya, akasema si mimi. Nikamjaza maji, akasema si mimi. Mwongo havumilii hivyo. Nikajua umenituma kwa asiyehusika. Nikarudi. Ndani ya mumeo niliacha mlango wazi."

"Nisamehe," Zuwena alinong'ona. "Kwa jina la Mungu, nisamehe. Twende kwa Mzee Kibwana, nitasema yote."

"Kule nilikuuliza, ukajibu. Sasa nina swali dogo tu. Mkono upi uliandika?"

Uani Yahya alikuwa anapiga mpira wa makaratasi ukutani, anahesabu kwa sauti. Jini akageuza kichwa polepole kuelekea uani, akasikiliza, akatabasamu.

"Au nimwite mtoto, nimuulize yeye?"

Zuwena akauweka mkono wa kulia juu ya meza, akatandaza vidole. Alifumba macho. Kisha, kwa kuwa sasa hakuthubutu kudanganya hata kidogo, akauweka na wa kushoto.