Meza ya Lifaki

Kitambaa kilikuwa kimelowa. Hadidja alikuwa akipaka nta meza yake kubwa ya lifaki, mti wa mbao nzito, alipohisi chini ya kiganja joto lenye unyevu, kama shavu la mgonjwa wa homa. Akanusa. Matope ya msituni.

Ulikuwa mwaka wa uasi, 1964. Mzungu aliyemwajiri mumewe Waziri, fundi seremala, alikimbia kutoka Kisangani akawaachia meza hiyo. Hadidja aliipenda mno. Hata risasi zilipolia upande wa Lubunga, aliyeyusha nta ya nyuki, akasugua akifuata mistari ya mbao mpaka ikang'aa.

Kesho yake mchana, meza ikagongwa. Kutoka ndani.

"Waziri, unasikia?" alinong'ona.

"Ni mbao tu, iko nakauka." Lakini aliondoa kikombe chake mezani.

Madina, binti yao mdogo, alilaza sikio mezani. "Mama, mutu iko analia humu. Anasema hana pumzi."

Tangu hapo mtoto akakataa chakula. Alishinda chini ya meza akihema kama aliyefunikwa blanketi usoni.

Wakamwita Papa Asumani, mzee wa msikitini aliyewasomea wagonjwa dua. Alipoinusa ile meza alirudi nyuma.

"Mama Madina, unapakaka hii meza nini?"

"Nta, papa. Kila mara."

"Bon. Huu muti ulikatwa, mwenyewe, roho ya muti, iko ndani. Kila ukipaka nta unamufungia mulango. Sasa anakunywa pumzi ya mutoto."

"Basi tuichome," alisema Waziri.

"Ukichoma, mutoto ataungua naye. Mukwangue nta yote. Atatoka. Kwenye ataenda, mimi sijui."

Wakakwangua usiku kucha kwa vipande vya chupa, Papa Asumani akisoma kwa sauti ya chini, na kadiri nta ilivyobanduka ndivyo harufu ya matope ilivyozidi kuwajaa kooni, meza ikiguna na kutetemeka, mpaka Hadidja, vidole vikimtoka damu, akaona mbao ikitanuka na kunywea kama kifua, na kitu kizito kisichoonekana kikampita ubavuni, kikausukuma mlango, kikashuka barabarani kwenye kizuizi cha vijana wa waasi.

"Nani huyo?" vijana walipaza sauti. "Mai! Mai!" wakaita, kilio chao cha kugeuza risasi kuwa maji.

Bunduki zikalia. Kisha kimya.

"Mama," alisema Madina, "njaa inaniuma."

Asubuhi watu walikuta bunduki chini na sufuria ya pondu, majani ya muhogo, jikoni kwa vijana wale, bado ya moto. Wao wenyewe hawakuonekana tena.

Baadaye mama mmoja alifika kwa miguu kutoka Bengamisa, kitenge kimejaa vumbi, akasimama mlangoni kwa Hadidja.

"Mama, mutoto wangu alikuwa pale barrière ya vijana. Hamukumuona?"

Hadidja alimtazama Madina aliyekuwa akila.

"Hapana, mama," alisema, akafunga mlango taratibu.