Rupia Iliyotiwa Kromu

Bampa ilitoka kwenye tangi la kromu ikinuka udi. Tena katikati, palipotakiwa kung'aa zaidi, palibaki duara jeusi, saizi ya sarafu.

Burhani aliibwaga chini kwa hasira. Tangu aifungue, karakana yake ya Jeppestown ilinuka tindikali tu. Huo udi umetoka wapi?

"Eish, kaka, hata jana ilikuwa hivi," alinong'ona Valentin, Mrundi aliyefanya naye kazi. "Kuna mtu ndani ya tangi."

"Mtu gani! Lete brashi!"

Walimwaga dawa ya tangini, wakatia mpya. Duara likarudi. Burhani alitamani kulia. Na kule nyumbani, Turffontein, mkewe Mwanaharusi alikuwa hainuki kitandani, mwili baridi, madaktari hawaoni kitu.

Mchana huo Bi Najma, shangazi yake Mwanaharusi, aliingia karakanani na rupia ya fedha aliyoivua shingoni mwa mgonjwa. Ilikuwa ya ruhani, pepo mlinzi wa ukoo wao wa Tanga. Siku chache nyuma Burhani aliiona imekuwa nyeusi kama sufuria la kuni, akaisugua na kuitia kromu, akamvalisha tena mkewe, eti amfurahishe.

"Uliutoa ule weusi?"

"Ilikuwa chafu, shangazi!"

"Chafu! Ule ni moshi wa udi tuliomfukizia ruhani tangu enzi za bibi. Ndio nguo yake. Umemvua, kisha ukamfungia nje. Itoe hiyo kromu!"

Burhani aliitumbukiza rupia kwenye tindikali, nayo ikaanza kutokota bila moto, na udi ukapanda mpaka Valentin akatapika, na ndani ya mvuke kitu kikawa kinahema, polepole, karibu na sikio la Burhani, huku Bi Najma akisoma dua, mpaka kromu yote ikabanduka na kuhema kukakoma.

Bampa iliyofuata ikatoka safi. Burhani akacheka peke yake.

Nyumbani alimkuta Mwanaharusi amekaa, anakula. Alishukuru Mungu, akafunua kanga amvalishe rupia yake. Pale kifuani ilipozoea kukaa, ngozi ilikuwa ngumu, baridi, inang'aa kama bampa. Aliisugua kwa gumba, akisema haiwezekani, haiwezekani. Mng'ao ukatambaa kuelekea shingoni.

"Endelea kusugua, fundi," alisema mkewe, pumzi ikinuka udi, yeye ambaye hakuwahi kumwita fundi.